Salio la Mwenzako Si Kipimo cha Uzee Wako

Maneno ya ofisi ya uhusiano wa polisi na jamii kwa watumishi wa serikali wa Arua na Koboko



Tumeombwa kuzungumza juu ya usalama wa mtumishi wa serikali anapokaribia kustaafu. Huenda wapo waliotarajia tuanze na makufuli, mbwa wa ulinzi na taa za uani. Hayo yana siku yake. Leo tunaanza na swali linaloulizwa chini ya miembe ya shule zetu, katika kantini za kambi na katika makundi ya simu: "Mwenzangu, una kiasi gani cha uzeeni?"

Swali hili halina ubaya kwa asili yake. Binadamu hujipima kwa jirani. Lakini sisi tunaopokea mashtaka ya watu kila siku tunajua linakoishia. Mmoja hulala bila usingizi akidhani amedhulumiwa, kumbe hakudhulumiwa. Mwingine huharakisha kustaafu au kukopa ili amfikie mwenzake. Na wa tatu, ambaye hakuulizwa chochote bali alikaa pembeni akisikiliza, huandika jina lako na siku utakayolipwa. Huyo wa tatu ndiye anayetuhusu sisi polisi. Ila hatuwezi kumzuia vizuri kabla ya kuwaondolea wale wawili wa kwanza dhana potofu, kwa sababu tapeli hula palipo na mtu asiyejua hesabu yake.

Basi tuanze na hesabu.

Fedha za uzeeni za mtumishi wa umma hapa Uganda hazikai katika kapu moja. Kapu la kwanza ni pensheni ya serikali kwa mujibu wa Sheria ya Pensheni. Mwalimu aliyeajiriwa katika nafasi ya kudumu, muuguzi wa hospitali ya serikali na askari polisi, wote wamo humo. Kapu hili lina sifa moja ambayo wengi hawaijui: mtumishi hakatwi mchango wowote kutoka mshahara wake, na kwa hiyo hana salio. Hakuna akaunti yenye jina lako inayojaa mwezi baada ya mwezi. Ulichonacho ni haki, na haki hiyo hukokotolewa siku unapotoka kazini. Mtu wa pensheni anayeulizwa "una kiasi gani?" hawezi kujibu kwa kutazama simu. Anapaswa kujibu kwa kutazama faili.

Kanuni ya kukokotoa si siri. Huchukuliwa idadi ya miezi uliyotumikia, ikazidishwa kwa mshahara wako wa mwisho wa mwaka mzima, kisha ikagawanywa kwa 500. Hiyo ndiyo pensheni kamili ya mwaka. Theluthi moja yake huzidishwa kwa 15 ukalipwa mkupuo mmoja, ndicho kiinua mgongo. Theluthi mbili zinazobaki hugawanywa kwa miezi 12, ndiyo pensheni yako ya kila mwezi. Miaka 15 ikipita ungali hai, ile theluthi iliyotangulia kuchukuliwa hurudishwa, na unalipwa pensheni kamili.

Tuchukue mfano wa namba rahisi. Tuseme mtumishi ana mshahara wa mwisho wa shilingi milioni 1 kwa mwezi, yaani milioni 12 kwa mwaka, na ametumikia miaka 30, yaani miezi 360. Pensheni yake kamili ni shilingi milioni 8.64 kwa mwaka. Kiinua mgongo chake ni shilingi milioni 43.2. Kila mwezi atapokea shilingi 480,000.

Sasa mweke kando yake mwalimu wa sayansi mwenye shahada, aliyetumikia miaka ileile 30. Tangu mwaka wa fedha wa 2022/23, mshahara wa mwalimu huyo wa sekondari ulipandishwa hadi shilingi milioni 4. Akistaafu na mshahara huo, kiinua mgongo chake kinafika shilingi milioni 172.8, na pensheni ya mwezi ni shilingi milioni 1.92. Walimu hawa wawili waliingia darasani mwaka mmoja, wakala ugali na maharage ya jiko moja, wakasahihisha madaftari kwa taa moja. Mmoja atatoka na mara nne ya mwenzake. Ofisi yetu haikuja hapa kuamua shauri la mishahara ya sayansi na sanaa, lina wenyewe. Tunachosema ni kwamba tofauti ile imezaliwa na mshahara wa mwisho. Mwalimu wa sanaa anayeambiwa na mtu wa mtaani kwamba "faili yako imechezewa, nipe kitu kidogo niirekebishe" anauziwa dawa ya ugonjwa asiougua.

Kapu la pili ni Mfuko wa Taifa wa Hifadhi ya Jamii, NSSF. Mtumishi aliye katika pensheni ya serikali hasumbuliwi na mchango wa lazima wa mfuko huu. Lakini ofisi za umma zina watu wa mikataba, na mashirika ya umma yana wafanyakazi wasio katika pensheni. Hao ndio wanaokatwa asilimia 5 ya mshahara, na mwajiri akaongeza asilimia 10. Mwenye mshahara wa milioni 1 huingiziwa shilingi 150,000 kila mwezi. Huyu ana salio la kweli, tena analiona kwenye simu. Salio hilo hukua kwa faida inayotangazwa kila mwaka: asilimia 10 kwa mwaka wa fedha wa 2022/23, asilimia 11.5 kwa 2023/24, na asilimia 13.5 kwa 2024/25. Kwa kuwa mwaka wa fedha huisha tarehe 30 Juni na faida hutangazwa baadaye, watu wawili wenye michango sawa wanaweza kuonyeshana namba tofauti kwa sababu tu mmoja alitazama kabla ya faida kuwekwa na mwingine baada yake. Tena, tangu marekebisho ya sheria ya mwaka 2022, mwanachama mwenye umri wa miaka 45 aliyechangia angalau miaka 10 anaruhusiwa kuchukua hadi asilimia 20 ya akiba yake mapema. Basi ukimwona mwenzako ana salio dogo, huenda alikwisha kuchukua sehemu akajengea nyumba. Na ukiliona kubwa, huenda hajagusa kitu na bado anapanga. Namba peke yake haisimulii.

Kapu la tatu ni ushirika wa akiba na mikopo. Polisi tuna Exodus. Walimu na wahudumu wa afya wana SACCO zao. Hapa ndipo salio hudanganya kuliko mahali pengine pote. Mtu atakuonyesha shilingi milioni 8 za akiba asikuonyeshe mkopo wa milioni 6. Mwingine hana mkopo, lakini amemdhamini rafiki, na rafiki akishindwa kulipa, akiba ya mdhamini ndiyo itakayolipa. Katika SACCO, kabla ya kusema "nina", toa kwanza deni lako, kisha utazame ulichomdhamini mwenzako.

Wapo wanaovuka mipaka kwa kulinganisha. Watatuuliza: "Mbona jamaa yangu polisi wa Kenya anaona akiba yake, na shemeji yangu mwalimu wa Tanzania vilevile, lakini mimi sioni?" Jibu ni kwamba nchi hizo zimechagua njia nyingine. Kenya ilianzisha mpango wa kuchangia kwa watumishi wa umma tarehe 1 Januari 2021, na askari polisi wamo. Mtumishi alianza na asilimia 2 mwaka wa kwanza, akapanda hadi 5, kisha 7.5, na serikali huweka asilimia 15. Tanzania iliunganisha mifuko yake ya watumishi wa umma mwaka 2018 ikapata PSSSF, ambako mtumishi huchangia asilimia 5 na mwajiri asilimia 15. Wenzetu hao wanaona salio kwa sababu wanakatwa. Sisi hatuoni kwa sababu hatukatwi. Kila njia ina faida na hatari zake, na watunga sheria wetu wamekuwa wakiijadili njia ya kuchangia kwa miaka mingi. Lakini kulinganisha salio la mtu wa Nairobi na faili la mtu wa Koboko ni kulinganisha mtungi na kisima.

Ndugu zetu, tumeondoa ukungu kidogo. Sasa tuseme jambo ambalo kwetu ndilo kubwa. Ikiwa haki yako haikai katika salio, basi inakaa wapi? Inakaa katika karatasi. Wahenga walisema mali bila daftari huisha bila habari, na hapa West Nile methali hii haihitaji mfasiri.

Wazee waliopo wanakumbuka mwaka 1979 na mwaka uliofuata. Maelfu ya watu wa mkoa huu walivuka kwenda Sudan na Zaire, wengi wao wakiwa watumishi wa serikali: askari, walimu, makarani, madereva. Walibeba watoto na sufuria. Barua za uteuzi hazikubebwa, au zilibebwa zikaloa, au zilifichwa ndani ya nyumba iliyochomwa. Waliporudi, mtu aliyefanya kazi kweli alijikuta hana namna ya kuthibitisha kuwa alifanya. Tangu hapo tumejifunza kwamba jasho lisiloandikwa ni shida kulidai.

Leo hakuna anayetukimbiza, lakini karatasi bado zinapotea kwa njia za kimya. Jina limeandikwa Yusuf katika barua ya uteuzi, Yosuf katika orodha ya mishahara, na Isuf katika kitambulisho cha taifa. Mama ameolewa, jina la mume limeingia katika hati moja na kuachwa katika nyingine. Mwaka wa kuzaliwa ulikadiriwa shuleni kwa kutazama kimo cha mtoto, kisha ukakadiriwa tena kwa namna nyingine wakati wa kuandikishwa. Mtumishi alihamishwa kutoka Arua kwenda Koboko wakati wilaya mpya ilipoundwa mwaka 2005, na miaka yake ya mwanzo ikabaki kwenye kabati la ofisi ya zamani.

Miaka inayokosekana ina bei. Turudi kwa yule mtumishi wetu wa mshahara wa milioni 1. Tuseme faili lake linakosa ushahidi wa miaka 3 tu, yaani miezi 36. Kwa kanuni ileile, kiinua mgongo chake kitapungua kwa shilingi milioni 4.32, na pensheni yake itapungua kwa shilingi 48,000 kila mwezi. Hiyo ni ada ya mjukuu na dawa ya presha. Tena hakuna mwizi aliyevunja mlango. Ni barua moja iliyoliwa na mchwa.

Basi, mkitaka kulinganisha, nasi tunawahimiza mlinganishe, linganisheni mambo haya. Mwulize mwenzako: barua yako ya uteuzi wa kwanza unayo? Barua ya kuthibitishwa kazini? Barua za kupandishwa cheo na za uhamisho? Jina na tarehe ya kuzaliwa vinafanana katika hati zote na katika kitambulisho cha taifa? Hati zako za mshahara umezihifadhi? Warithi uliowaandika bado ni walewale, au tangu hapo Mungu amekupa watoto wengine na mwingine amemwita? Katika mashindano haya hakuna anayeumia. Aliyepungukiwa atajua aende wapi: kwa afisa wa rasilimali watu wa wilaya, wa jiji au wa kituo chake, mapema, miaka mitano kabla ya kustaafu, badala ya wiki mbili kabla.

Jambo la warithi tunalisisitiza kwa uchungu. Mstaafu akifariki kabla ya miaka 15 kutimia tangu astaafu, familia yake ina haki ya kuendelea kulipwa mpaka muda huo utimie. Lakini mjane asiyejua jina la ofisi, asiye na nakala ya hati hata moja, anayeambiwa na shemeji zake kwamba "hayo ni mambo ya wanaume", atazunguka mpaka achoke. Ofisi za polisi zinazoshughulikia familia na watoto hupokea kesi ambazo chanzo chake ni hicho: baba alikuwa msiri wa karatasi, akaondoka nazo. Salio lako linaweza kuwa siri kwa jirani. Mke wako, au mume wako, asifichwe mahali faili lilipo.

Na sasa yule msikilizaji wa pembeni. Anatumia njia tunazozijua.

Kuna anayepiga simu akijitambulisha kuwa yuko wizarani Kampala. Anajua jina lako, shule yako na mwaka unaostaafu, kwa sababu mliyataja kwenye kundi la simu. Anasema faili lako limekwama, anataka shilingi laki 3 kwa pesa za simu kulisukuma. Kumbukeni: Katiba ya Uganda, ibara ya 254, inasema mtumishi wa umma atapata pensheni inayolingana na cheo, mshahara na muda wa utumishi wake, kwamba pensheni hiyo haitozwi kodi, na kwamba malipo yawe ya haraka, ya kawaida na yenye kufikiwa kwa urahisi. Haki iliyoandikwa katika Katiba haisukumwi kwa laki 3.

Kuna mkopeshaji anayeshika kadi ya benki na namba ya siri ya mstaafu kama rehani. Kila mwezi yeye ndiye anayekwenda kwenye mashine, akachukua chake, akampa mzee kinachobaki, na deni halipungui. Mzee wetu, kadi hiyo ni mshahara wa miaka 30. Usimpe mtu.

Kuna mfanyabiashara wa dhahabu kutoka upande wa Ariwara, au anayedai kutoka huko, mwenye unga unaong'aa ndani ya chupa. Hawafuati vijana wasio na kitu. Hufuata mtu aliyelipwa kiinua mgongo mwezi uliopita. Kuna pia muuza kiwanja ambaye kiwanja hicho kimeuzwa mara mbili mwaka huohuo. Wote hawa wana sifa moja: wanakuharakisha. Fedha iliyokusubiri miaka 30 inaweza kusubiri siku 30 zaidi katika benki huku ukiuliza watu wenye akili.

Kujipatia fedha kwa udanganyifu ni kosa la jinai, na adhabu yake inaweza kufika miaka 5 gerezani. Lakini wengi waliotapeliwa hawaji kituoni, kwa sababu wanaona aibu. Mwalimu mkuu mzima, afande mzima, atawezaje kuandika maelezo kwamba alinunua shaba akidhani dhahabu? Tunawaomba mje. Hifadhini namba iliyowapigia, ujumbe, na risiti ya pesa mliyotuma. Mje siku ileile, maana fedha iliyotumwa asubuhi inaweza kufuatiliwa. Iliyotumwa mwezi uliopita imekwisha kutolewa na laini ya simu imetupwa. Pakiwa na hatari ya papo hapo, pigeni 999, bila malipo. Nasi kwa upande wetu tunawapokea kwa staha. Aliyetapeliwa ni mlalamikaji. Hakuna askari aliye na haki ya kumcheka.

Haya hayahusu wazee peke yao. Kijana aliyeajiriwa mwaka huu, aliyetumwa kufundisha kando ya barabara ya Oraba au kulinda doria kule Vurra, ndiye mwenye nafasi nzuri kuliko sisi sote. Barua yake ya uteuzi bado ina wino mpya. Aitie kwenye bahasha ya plastiki leo, nakala moja aiache kwa wazazi, nyingine kwa mtu anayemwamini. Na kwa kuwa sheria ya 2022 imefungua mlango wa kuweka akiba kwa hiari katika NSSF, hata aliye katika pensheni ya serikali anaweza kujijengea salio lake la kweli, kidogo kidogo. Haba na haba hujaza kibaba, mradi kibaba kiwe chako, kisipimwe kwa cha jirani.

Kwa hiyo ombi letu ni dogo. Msionyeshane picha za salio kwenye makundi ya simu. Msitangaze siku ya kulipwa kiinua mgongo kanisani, msikitini wala kantini. Shukrani kwa Mungu haihitaji kutaja kiasi. Atakayekuuliza "una kiasi gani?", mjibu kwa upole: "Nina barua zangu zote. Je, wewe unazo?" Akikosa kujibu, msaidie kuzitafuta.

Milango ya ofisi zetu iko wazi, Arua na Koboko.

Kwa Mungu na Nchi Yangu.